Ukurasa wa Mwaka na Ukurasa wa Wiki

Ninauza vitenge Mtaa wa Uhuru, mahali ambapo ukitoka nje ya duka unaviona viwanja vya Mnazi Mmoja. Ninauza kwa shilingi, lakini mzigo nauagiza ng'ambo na kuulipa kwa dola. Basi bei ya dola ndiyo mvua yangu na ndiyo jua langu.

Tangu maduka ya kubadilishia fedha yaruhusiwe mwaka 1992, nimekuwa nikiiandika bei hiyo kila mwisho wa mwezi katika daftari la shule. Mwaka ule dola ilipita shilingi 300. Mwaka 1999 ilikaribia 800, na mwaka 2015 ikapita 2,000. Kabla ya hapo nilikwisha kuuona mwaka 1986, ilipotoka 17 hadi 40 katika miezi michache. Ukilifungua daftari hilo utaona mlima mmoja tu, na mimi niliuamini kama ninavyoamini kwamba Kigamboni iko ng'ambo ya maji.

Oktoba 2024 nilikuwa nadaiwa dola 8,000, za kulipwa mwisho wa Desemba. Dola ilikuwa imepita 2,700. Nikasema, nisiponunua leo, kesho itakuwa 2,800. Mtoto wa kaka yangu, ambaye hufanya biashara ya fedha za kigeni kwenye simu, akavuta kigoda karibu nami.

"Tazama, shangazi."

Akanionyesha mchoro wa miaka: mlima. Akabonyeza, ukaja wa wiki: mlima umefika juu, umekuwa uwanda. Akabonyeza tena, ukaja wa siku: bei inapanda na kushuka pale pale. Fedha ile ile, simu ile ile.

"Deni lako si la miaka, shangazi, ni la wiki kumi. Nunua nusu. Nusu ingoje, msimu wa korosho umeanza, dola zitaingia."

Nilimcheka. Kijana huyo, msomaji wangu, alikwisha kupoteza mtaji wake wote kwa kukodolea macho mchoro wa dakika tano wa euro na dola, wala hakuutazama hata ule wa siku. Nikaona hana la kunifundisha. Nikanunua dola zote siku ile ile, na shilingi zilipopungua nikachukua karo ya mjukuu wangu, nikijipa moyo kwamba Januari iko mbali.

Desemba dola ikashuka hadi karibu 2,400. Piga hesabu mwenyewe: shilingi 300 mara 8,000 ni milioni mbili na laki nne. Hakuna aliyeniibia wala kunidanganya. Hata daftari halikusema uongo. Nililiuliza habari za wiki kumi, nalo lilijua za miaka thelathini. Karo tuliilipa kidogo kidogo, na binti alirudishwa nyumbani mara mbili mbele ya wenzake. Hilo sikuliandika popote.

Sasa daftari lina sehemu tatu: ya mwaka, ya wiki na ya siku. Naanza na ya mwaka, namalizia na ya siku, na tarehe ya deni nimeiandika juu kwa wino mwekundu. Mei 2025, mzigo mwingine ulipofika, nilinunua nusu ya dola. Kijana akauliza nusu ya pili nitainunua lini. Nikamwambia anywe chai kwanza, inapoa.