Sauti katika Insha

Kiswahili kina maneno mafupi yasiyogeuka umbo, ambayo kazi yake ni kulileta tukio karibu na msomaji. Maneno hayo huitwa tanakali za sauti. Kitu kikianguka majini, huanguka chubwi. Kikianguka matopeni, huanguka tapwi. Kikianguka mchangani, huanguka tifu. Na mzigo mzito ukianguka sakafuni, huanguka pu. Kitenzi ni kimoja, lakini silabi moja au mbili zimekwisha kumwonyesha msikilizaji mahali kitu kilipoangukia, pasipo haja ya sentensi ya pili.

Wala hazihusu sauti peke yake. Kanzu haina mlio, lakini husemwa kuwa nyeupe pe. Usiku hauna mlio, lakini giza lake huwa totoro. Na ukimya, ambao ni kinyume cha mlio, nao una tanakali yake, jii. Ndiyo maana Clement Doke, katika istilahi zake za lugha za Kibantu za mwaka 1935, aliyaweka maneno ya namna hii katika kundi lake pekee, akaeleza kuwa huonyesha namna, rangi, harufu na hali, pamoja na sauti.

Utajiri huu hufundishwa shuleni, na ni vema ufundishwe. Lakini mara nyingi mwanafunzi hupewa orodha, akaikariri, kisha akaimwaga katika insha kama mpishi atiaye chumvi chunguni bila kuonja. Kila usiku wake ni totoro, kila usingizi ni fofofo, na kila aliyenyeshewa amelowa chapachapa. Debe tupu haliachi kuvuma.

Mwanafunzi mmoja wa chuo aliandika insha juu ya siku aliyofiwa na mdogo wake, aliyetumbukia kisimani. Katika insha ya kwanza radi ilinguruma, upepo ulivuma vuu, miti ilikatika kacha, na moyo wake ulidunda du du du. Alipoisoma mbele ya wenzake, walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Makelele yaliwasahaulisha kwamba mtoto alikuwa majini. Mwalimu wake hakumkemea, wala hakufuta neno. Alimwuliza swali moja tu: “Katika sauti hizi zote, ni ipi uliyoisikia wewe mwenyewe?”

Kijana alikaa kitambo, akajibu kwamba aliisikia moja.

Juma lililofuata alileta ukurasa mmoja. Radi haikuwamo, kwa maana siku ile jua lilikuwa likiwaka. Aliandika kwamba alikuwa akicheza bao chini ya mwembe, akasikia nyuma ya nyumba kitu kikianguka chubwi. Alidhani ni ndoo. Akaendelea kuhesabu kete zake.

Safari hii hakuna aliyecheka.

Neno lile limo katika kila orodha ya shule, lakini hapa lilifanya kazi ambayo neno jingine lisingaliiweza. Kama kijana angaliandika kwamba alimsikia mdogo wake akitumbukia, angalimtaja mtenda mapema mno, na angalisema uongo, kwani sikio lake halikumjua aliyeanguka. Ndoo huanguka chubwi, na mtoto vile vile. Kufanana huko ndiko kulikomdanganya ndugu yule, na ndiko anakokuchukua moyoni hata leo. Tanakali humpa msomaji tukio kama sikio lilivyolipokea, kabla akili haijajua maana yake. Uhai wake katika insha umo humo.

Basi orodha zisitupwe, kwani asiye na neno hawezi kulichagua. Lakini orodha ifuate usikivu, isiutangulie. Mwanafunzi na apelekwe kwanza kisimani, sokoni au kwenye karakana ya seremala, asikilize kabla ya kushika kalamu. Halafu, kila atiapo tanakali, na ajiulize maswali mawili: je, sauti hii ilisikika kweli mahali hapa? Na je, ikiondolewa, msomaji atapungukiwa na nini? Ikiwa hapungukiwi na kitu, na aifute. Ikiwa atapungukiwa, na aiache peke yake, bila ya nyingine kuizonga, ipate kusikika.