Sehemu ya 6: Siku barabara ilipofungwa tukapata kupumua

Naendelea nilipoishia. Wiki iliyopita niliahidi kuwaeleza kwa nini muuguzi mzima, mama wa watoto wawili, alijifunza kuendesha baiskeli ukubwani. Kaeni, hii ni ndefu kidogo.

Wengi mnajua mimi ni wa Rungwe, Mbeya. Kwetu kuna Ziwa Ngozi, ziwa la volkano lililojificha juu mlimani, unalifikia kwa miguu kupitia msituni. Nilipanda kule nikiwa darasa la tano na kaka zangu. Wao walifika mwanzo wa njia na baiskeli ya baba, wakipokezana. Mimi nilikaa nyuma kwenye karia kama mzigo wa ndizi. Siku nilipojaribu kuikanyaga mwenyewe uwanjani, mama alinichapa. "Msichana hapandi baiskeli. Utaharibika." Sikuuliza kuharibika ni kufanya nini. Enzi zile hukuulizi.

Miaka ikapita, nikasomea uuguzi, nikaolewa, sasa tunaishi Portland, jimbo la Oregon huku Marekani. Binti yangu alipofika miaka tisa alikuwa peke yake darasani kwao asiyejua baiskeli. Kila akiomba namwambia barabara ina magari. Ni kweli ina magari, na kazini nimeshapokea watoto waliogongwa, kwa hiyo woga wangu haukuwa wa bure. Lakini jamani, nilipojichunguza vizuri niligundua magari yalikuwa nusu tu ya sababu. Nusu nyingine ilikuwa ile fimbo ya uwanjani.

Kiangazi kile mama alikuwa amekuja kunilea, nina kichanga. Mfanyakazi mwenzangu akaniambia kuhusu Crater Lake, ziwa la volkano kusini mwa Oregon. Kuna barabara ya lami inayolizunguka ukingoni, na Septemba ile hifadhi ilichagua Jumamosi mbili, ikafunga upande wote wa mashariki, kama kilomita 39, magari yasipite. Siku hiyo barabara ni ya baiskeli na watu wa miguu tu. Nikasema basi, sababu ya magari imekufa. Imebaki ile nyingine.

Nilijifunza Jumapili kwenye maegesho ya nyumba tunazopanga, mimi na binti pamoja. Alinishinda ndani ya siku mbili. Mimi nilianguka mpaka majirani wakanizoea. (Mtoto alikuwa na miezi saba na nilikuwa nimeshapimwa na daktari wangu. Mama aliyejifungua juzi, hasa kwa upasuaji, usikimbilie baiskeli kabla hujaruhusiwa.)

Usiku kabla ya safari, mama akanivuta jikoni. "Mwanangu, huyu mtoto akiharibika utawaambia nini wakwe zake?"

Hapo ndipo nilipojibu kwa mara ya kwanza, tena kwa heshima. Na ninyi nawaambia kama nilivyomwambia yeye, maana swali hili naletewa inbox kila mwezi.

Kizinda si kifuniko cha chupa. Ni ngozi laini inayonyumbulika, na kila msichana ana umbo lake. Wengine huzaliwa nacho kidogo sana. Hakuna mkunga wala daktari anayeweza kumtazama msichana akajua kama ni bikira. Ndiyo maana mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe. Baiskeli haigusi kizazi wala haizuii mtu kuzaa. Kinachoweza kutokea ni mtoto kuteleza akaangukia lile bomba la fremu, akaumia sehemu za siri, awe wa kiume au wa kike. Mara nyingi ni mchubuko unaopona. Ila akitoka damu isiyokoma, akivimba sana, au akishindwa kukojoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, wala usione aibu kueleza.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, wewe ndiye muuguzi," akaenda kulala. Mnaijua ile "haya" ya mama zetu. Haikuwa ndiyo.

Asubuhi tukaanzia makao makuu ya hifadhi. Nitawaeleza kidogo kuhusu hapo mahali. Zamani palikuwa na mlima mrefu, wanauita Mazama. Kama miaka 7,700 iliyopita ulilipuka, kilele kikadidimia ndani, likabaki shimo. Mvua na theluji zikalijaza. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Kina chake ni mita 594, ndilo ziwa lenye kina kirefu kuliko yote Marekani. Wenyeji wa pale, watu wa Klamath, wamepokezana habari za mlipuko ule kizazi kwa kizazi, kama vita vya roho mbili kuu, Llao na Skell.

Kuzunguka ziwa lote ni kilomita 53 na vilima vya kukutoa roho. Barabara inapanda mpaka zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Sisi hatukwenda kushindana. Tulipanga kilomita 7 za kwanza, mpaka Sun Notch, kisha kurudi. Mama na mume wangu walitufuata kwa miguu na kigari cha mtoto. Kichanga sikumpandisha baiskeli, hata kwenye kile kitoroli kinachovutwa nyuma. Chini ya mwaka mmoja shingo bado haijawa imara kwa mitikisiko.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni ukimya. Unasikia cheni yako, upepo kwenye misonobari, na watoto wanaocheka mbele. Nilikuwa sijajua jinsi masikio yangu yanavyofanya kazi siku zote kusikilizia gari. Walipita wazee wenye mvi, baba na pacha wake, mama mjamzito akitembea taratibu katikati ya lami. Hakuna aliyepigiwa honi.

Tukafika maporomoko ya Vidae, tukanywa maji. Juani na kwenye mwinuko mtoto anakauka haraka kuliko anavyosema, kwa hiyo usingoje aombe. Kilima cha mwisho nilishuka nikasukuma. Binti hakushuka. Alinisubiri juu, uso mwekundu, akasema, "Mama, usijali, nimekulindia nafasi."

Kutoka barabarani unatembea kidogo, halafu ziwa lote linakufungukia chini. Ni la bluu kiasi kwamba binti aliuliza kama wameweka rangi. Nilimweleza ni kina na usafi wa maji. Kisha nikaketi kwenye jiwe nikalia kidogo. Si kwa ajili ya ziwa.

Kurudi ni mteremko. Nilimwambia abane breki kidogo kidogo, zote mbili, asibane ya mbele peke yake. Tulipokaribia maporomoko, mama alikuwa amesimama pembeni na kigari. Binti akateremka akipiga kelele, "Bibi, niangalie!" Mama akashika mdomo. Kisha akapaza sauti, "Breki! Shika breki wewe!" Alipofika, mama alimtazama juu mpaka chini, akaona helmeti imelala kisogoni.

Akaniuliza, "Hii inafungwaje?"

Nikamwonyesha. Iwe vidole viwili juu ya nyusi, isirudi nyuma. Mikanda ikutane chini ya sikio kama herufi V. Chini ya kidevu kipite kidole kimoja au viwili tu. Mama akafunga mwenyewe, akajaribu kwa kidole, akafungua, akafunga tena. Hakusema neno.

Jioni tulimpeleka kwa gari upande wa magharibi, ulikokuwa wazi, akalione ziwa. Alisimama muda mrefu. "Kama Ngozi," akasema. "Ila hapa hamkutembea." Baadaye, tumeshakaa, akaongeza bila kunitazama: "Na sisi tuliambiwa hivyo hivyo. Hakuna aliyetuambia sababu."

Mama zangu, sina barabara ya kuwafungia. Lakini kuna uwanja wa shule Jumamosi, njia ya shambani, kiwanja cha kanisa au cha msikiti baada ya ibada. Mtafutie binti yako mahali pasipo na gari, mfunge helmeti, halafu mwambie sababu za kila unachomkataza. Ukikosa sababu, basi labda ni fimbo ya mtu mwingine unaibeba. (Ukipanga kwenda Crater Lake, soma kwanza tangazo la hifadhi la mwaka huo, maana tarehe hubadilika.)

Niambieni huko chini: wewe uliambiwa nini kuhusu baiskeli? Sehemu ya 7 ni degedege la homa, na kijiko kisiwekwe mdomoni.