Begi Moja la Mkononi Hadi Rumonge





Leo nimependa tuzungumze jambo ambalo wengi watalichukulia dogo, nalo ni mzigo wa safari. Wengi wetu tunaoishi Ulaya tuna wazazi nyumbani, na kila mwaka tunasema "mwaka huu lazima niende". Kisha mwaka unapita. Tukiulizwa sababu tunasema tiketi ni ghali, kazi haziruhusu, watoto wana shule. Hizo ni sababu za kweli. Lakini mimi nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikuwahi kumwambia mtu, na leo nitaisema ili asirudie mwingine kosa langu.

MASANDUKU MAWILI

Mimi ni mtoto wa Rumonge, kusini mwa Bujumbura kwa mwendo wa kilomita 75 hivi, ukifuata barabara ya ziwani. Ni mji wa mawese, ndagala na Kiswahili. Mtu wa kwetu aliye Ulaya akirudi, watu hawamwangalii usoni kwanza, wanaangalia buti ya gari. Siwalaumu. Sisi wenyewe ndio tuliowazoesha.

Tiketi yangu iliniruhusu masanduku mawili ya kilo 23 kila moja, na kwangu mimi ruhusa hiyo iligeuka faradhi. Viatu vya binamu, simu ya mjomba, mashuka ya shangazi, mabegi ya shule ya watoto wa jirani. Safari ya mwisho ya namna hiyo sanduku moja lilipotea njiani likaja baada ya siku tisa. Siku hizo tisa nilizimaliza kwenye simu nikilitafuta, na lilipofika nilimaliza siku nyingine tatu kugawa na kusuluhisha: huyu kapewa kikubwa, yule kasahauliwa. Niliporudi Brussels ndipo nilipotambua kwamba sikukaa na baba hata jioni moja tukazungumza mpaka tukachoka.

Mwaka 2017 baba alinipigia akaniambia, "Mwanangu, njoo nikuone." Nikamjibu, "Inshaallah baba, nikikamilisha mambo." Mambo yenyewe yalikuwa ni masanduku. Nauli nilikuwa nayo, cha kujaza masanduku ndicho sikuwa nacho. Niliona aibu kushuka Rumonge na begi jepesi. Nikangoja mwaka huo, nikangoja na uliofuata. Kila mwezi nilinunua kitu kimoja nikakiweka chini ya kitanda.

Mwanzoni mwa 2019 dada yangu alinipigia asubuhi, baada ya Alfajiri. Baba alikuwa ametangulia mbele ya haki. Akazikwa siku ile ile baada ya swala ya Alasiri, kama sunna inavyotaka, na mimi nilikuwa Brussels nimekaa kwenye kitanda ambacho chini yake kulikuwa na jozi sita za viatu vipya. Wahenga wanasema kawia ufike. Mimi nilikawia na sikufika.

SAFARI YA SHAWWAL

Mwaka 2024, siku chache baada ya Idil Fitri, dada alipiga simu tena. Mama alikuwa mgonjwa, presha imepanda na miguu imevimba. Safari hii sikuuliza watu wanahitaji nini. Nilikata tiketi ya keshokutwa na nikafunga begi moja la mkononi lenye kilo nane.

Wakati naanza safari niliona kama nimesahau kitu. Sikupanga foleni ya kupima mizigo, na tulipotua uwanja wa Melchior Ndadaye sikusimama kungoja masanduku yazunguke. Nilipita moja kwa moja nikatoka nje.

Faida ya begi hilo niliijua zaidi barabarani. Siku hizo mafuta ya gari yalikuwa shida kubwa Burundi, na magari ya kwenda kusini yalikuwa machache. Nilipata nafasi kwenye Probox iliyokwisha jaa, kwa sababu begi langu lilikaa mapajani. Tukapita Mugere, pale penye jiwe la Livingstone na Stanley lenye tarehe ya 25 Novemba 1871. Tulipofika upande wa Gitaza, ambako milima imeegemea ziwa, mvua ilikuwa imeteremsha tope na mawe juu ya barabara. Abiria wote tukashuka, tukavuka kwa miguu, tukatafuta gari jingine upande wa pili. Mimi nilitundika begi begani nikavuka. Mama mmoja aliyetoka safari kama yangu alikuwa na masanduku matatu. Vijana wakamtajia bei ya kumbebea, akawa anabishana nao huku anatazama viatu vyake vinazama. Nilimsaidia sanduku moja, na moyoni nikasema, huyu ni mimi wa miaka ile.

Niliingia nyumbani kabla ya Magharibi. Mama alikuwa amelala ukumbini, wamemwekea mito mitatu. Alinitazama, akatazama mlango, kisha akanitazama tena.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Na mizigo?"

"Ni hili begi tu."

Shangazi aliyekuwa amekaa pembeni akasema, "Mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu wetu kaja mikono mitupu kama aliyetoroka!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, lakini liliniuma. Mama hakucheka. Akaniambia, "Kaa hapa." Nikakaa, akanishika mkono, na hakuuachia mpaka muadhini alipoadhini.

MZIGO WA MAMA

Usiku ule, watu walipoondoka, mama alinikumbusha habari ambayo tulikuwa hatuizungumzi. Mwezi Oktoba 1993, baada ya kuuawa Rais Ndadaye, nchi iliharibika. Familia yetu ilivuka ziwa usiku kwa mtumbwi wa injini kwenda Kigoma, na baadaye tukaishi kambi ya Mtabila, Kasulu. Nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka baridi na harufu ya petroli, basi.

Mama ndiye aliyefunga mzigo. Mwenye mtumbwi alisema kila mtu mzigo mmoja wa kupakata, akizidisha unatupwa majini. Mama akatandika kanga moja akaweka msahafu, karatasi ya shamba la michikichi, chumvi, sufuria ndogo na shati la baba. Akafunga fundo.

"Nilikuwa na kabati zima la vyombo," akaniambia. "Vya harusi yangu. Niliviangalia nikaona hakuna hata kimoja kinachonijua. Nikawahesabu nyinyi. Mlikuwa wanne, mikono yangu miwili. Kila nilichopunguza kwenye kanga kilinipa nafasi ya kumshika mtoto."

Kisha akasema maneno ambayo sikuyatarajia. "Baba yako alijua kwa nini huji. Alisema, mtoto huyu anadhani tunamngoja na sanduku."

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilitoka uani nikalia mpaka dada akaja kuniita.

Sisemi kwamba zawadi ni mbaya. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kupeana zawadi kwa kuwa zinaleta mapenzi. Wala sisemi mtu asafiri bila maandalizi. Aya ya 197 katika Suratul Baqara inatuamrisha tuchukue masurufu, na wanazuoni wanaeleza kuwa ilishuka kwa ajili ya watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila chakula kwa madai ya kumtegemea Allah, kisha wakifika Makka wanaomba watu. Kwa hiyo kusafiri mwepesi si kwenda kuwa mzigo wa wenyeji. Mimi fedha ambayo ningenunulia vitu Brussels niliitumia sokoni Rumonge: mchele, sukari, vitenge, na daftari za watoto. Kila mtu alipata kitu, na muuzaji wa kwetu naye akapata riziki. Hata shangazi alipokea kitenge chake, ingawa alisema rangi angechagua mwenyewe.

NILIVYOFUNGA BEGI

Kwa faida ya wanafunzi na wengine wanaojiandaa kusafiri, haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza kwanza shirika lako la ndege linaruhusu kilo ngapi mkononi. Mengi ni kati ya 7 na 12, na vipimo vya begi vinatofautiana. Pima nyumbani kwa mizani, usingoje kupimiwa kaunta.

2. Nguo siku tatu, sabuni siku zote. Nilichukua kanzu mbili, suruali moja, shati mbili na kofia. Jua la Rumonge linakausha kanzu kabla ya Adhuhuri kuisha.

3. Vitu vya majimaji, tangu mwaka 2006 Ulaya, kila chupa isizidi mililita 100, na chupa zote ziingie kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani, wa lita moja. Baadhi ya viwanja vimeanza kulegeza, lakini vingine bado. Kichupa cha manukato ya mafuta kinapita. Dumu la Zamzam halipiti.

4. Dawa zikae mkononi siku zote pamoja na karatasi ya daktari. Betri ya kuchajia simu nayo ni ya mkononi, hairuhusiwi kwenye sanduku la chini. Mkasi na wembe viache nyumbani.

5. Ibada: mswala mwembamba, dira au simu ya kukuonyesha kibla, na dua ya safari uihifadhi kabla ya kutoka. Ingia kwenye ndege na udhu wako, kwani choo cha ndege ni chembamba na si vizuri kuwaachia wenzako maji sakafuni. Hukumu za kupunguza na kukusanya swala muulize shekhe wako kabla ya safari.

6. Bakiza nafasi, robo ya begi iwe tupu. Wanaokupenda hawatakuacha urudi hivi hivi, na mimi hilo nililisahau.

MAWESE

Nilikaa siku kumi na sita. Alhamdulillah, presha ilishuka na mama akaanza kutembea mpaka uani. Jioni tulikaa tukitazama ziwa, ambalo mwaka ule lilikuwa limepanda mpaka likaingia nyumba za watu wa pwani. Tulizungumza mpaka tukachoka, jambo ambalo baba alilitaka na sikumpa.

Siku ya kuondoka nikamkuta mama amekaa na dumu la lita tano la mawese na kopo la ndagala wakavu. Mawese ya michikichi ile ile, ya karatasi aliyoivusha ziwa.

"Mama, haya hayapiti. Ni mililita mia tu."

"Mia ni ngapi?"

Nikamwonyesha kichupa changu cha sabuni ya maji kilichokwisha. Akakitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama sahani ya mtoto. Kisha akaagiza kioshwe kwa maji ya moto, akakijaza mwenyewe kwa mkono unaotetemeka, akafunga, akafuta pembeni kwa kanga yake. Dumu likabaki kwa dada. Ndagala nilifunga kopo lake kwa utepe mara tatu, nikamwomba Allah asiwaadhibu abiria wenzangu kwa harufu. (Kwa wanaouliza: kuingia nchi za Umoja wa Ulaya, samaki wa matumizi yako wanaruhusiwa kwa kiasi, lakini nyama na maziwa kutoka nje haviruhusiwi.)

Uwanjani mkaguzi alikiinua kichupa kwenye mwanga, chekundu kama jua la ziwani, akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni mafuta ya mama. Akakirudisha kwenye mfuko.

Brussels mke wangu alipika maharage kwa mawese yale. Yalitosha mlo mmoja. Watoto waliuliza mbona kidogo, nikawasimulia habari ya kanga ya bibi yao na vitu vitano vilivyokuwa ndani yake. Mdogo akauliza, "Na wewe ulikuwa kwenye kanga?" Nikamwambia hapana, mimi nilikuwa mkononi.

Ndugu yangu unayesoma, kama mzazi wako yu hai na nauli unayo, usingoje kujaza sanduku. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa safari humnyima mtu raha ya chakula na usingizi wake, na kwamba akimaliza haja yake aharakishe kurudi kwa watu wake. Basi tujiulize haja yetu ni ipi. Kama haja ni uso wa mama, huo haupimwi kaunta.

Mama bado yupo, alhamdulillah. Kila Ijumaa nikimpigia ananiuliza, "Begi liko wapi?" Namjibu, "Liko nyuma ya mlango, mama." Na kweli lipo, na robo yake ni tupu.

Tunamwomba Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya walio hai, na atujaalie tuwafikie kabla ya kuchelewa. Amin.