Linta Izunguke Nyumba Nzima

Mimi ni fundi mwashi, na kazi zangu nyingi nimezifanya Bukoba mjini, mkoani Kagera. Tetemeko la Jumamosi ya 10 Septemba 2016 lilitupiga alasiri, muda mfupi kabla ya saa tisa na nusu. Watu wasiopungua 17 walifariki na mamia wakaumia. Taarifa za mwanzo zilitaja nyumba 840 zilizoanguka na nyingine zaidi ya 1,200 zilizopata nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa. Kesho yake tukakusanyika Uwanja wa Kaitaba, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akiwepo, kuwaaga marehemu.

Ukubwa wake ulikuwa 5.9. Kwa hesabu za wataalamu, hilo ni tetemeko la wastani. Yako matetemeko makubwa kuliko hilo ambayo watu waliyapita salama kwa sababu nyumba zao zilifungwa vizuri. Ndiyo maana nasema, na sitaacha kusema, kwamba kilichotuua ni kuta zetu.

Wiki zile mafundi tulikuwa tukiitwa huku na huku, Hamugembe, Kashai, kila mtaa. Watu walilala nje chini ya maturubai, wengine migombani, na mvua za vuli zilikuwa zimekaribia. Swali lilikuwa moja. Mama mmoja mjane aliniuliza akiwa ameshika godoro mkononi: "Fundi, leo nikilala ndani na wajukuu, tutaamka?"

Nilianza na kona za madirisha. Ufa ulikuwa umetoka kona ya juu, ukapanda kwa ngazi, tofali baada ya tofali, hadi kwenye bati. Nikaingiza msumari kwenye kiungo. Udongo ukamwagika kama unga. Matofali yenyewe yalikuwa ya kuchoma na mazuri kabisa, lakini yalishikwa kwa tope. Nikaenda pembeni mwa nyumba, pale kuta mbili zinapokutana: mkono wangu ulipita katikati yake. Kila ukuta ulikuwa umesimama peke yake. Nikamwambia, "Hapana, mama. Usilale humu." Alilia, nami sikuwa na neno la kumfariji, maana nyumba ile alijengewa na marehemu mumewe.

Hali hiyo niliikuta nyumba baada ya nyumba. Zilizosimama imara hazikuwa lazima za matajiri. Zilikuwa zile zenye linta, yaani mkanda wa zege na nondo, iliyozunguka kuta zote bila kukatika, za nje na za kati, na nondo zake zikakunjwa kwenye kona na kupishana walau nusu mita. Linta ya namna hiyo huzishika kuta zote pamoja, zikatikisika kwa mwendo mmoja. Wengi wetu tumezoea kuiweka juu ya milango na madirisha tu, tukidhani kazi yake ni kubeba tofali za juu. Mwenye nyumba akiishiwa fedha, cha kwanza kupunguzwa ni nondo, halafu saruji. Bati la rangi halipunguzwi.

Msaada ulikuja: maturubai, vyakula, saruji, mabati. Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Nashukuru kwa yote hayo. Lakini kilichoniumiza ni plasta. Miezi michache baadaye niliona nyufa zile zile zimezibwa kwa plasta, rangi ikapakwa, wapangaji wakarudishwa. Plasta haiungi ukuta uliopasuka. Inauficha tu, na anayelala chini yake hajui. Ukuta wenye ufa uliopita upande wa pili hadi mwanga ukaonekana ubomolewe, ujengwe upya kwa saruji na ufungwe na kuta za jirani yake.

Kagera haiko mbali na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na ardhi ya huku itatikisika tena. Wewe unayejenga Bukoba, Missenyi, Karagwe au Muleba, siku ya linta usiende shambani. Kaa pale. Hesabu nondo nne, angalia ringi zinazozishika, pita kila kona uone nondo zimekunjwa na kufungwa kwa waya kabla zege halijamwagwa. Fundi akikuambia juu ya milango panatosha, msimamishe. Kama fedha ni kidogo, punguza chumba kimoja, nyumba iwe ndogo, linta ibaki.