Waifai ya Nyumbani Ina Funguo Mbili



Siku hizi nikizunguka vijijini nakuta ruta ya laini juu ya kabati la duka, pembeni ya mizani. Ni jambo jema. Mimi pia ninayo nyumbani, ndiyo natumia kutuma ripoti za kata na kuangalia bei za mazao. Ila wengi wetu tukishaiwasha, basi, hatuigusi tena.

Leo nakukumbusha jambo moja: ruta ina funguo mbili. Wa kwanza ni nywila ya waifai, ile unayompa mtu ajiunge. Wa pili ni nywila ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe. Ni kama ghala: mmoja unafungua mlango, mwingine unakupa uwezo wa kubadilisha kitasa. Wengi huhangaika na wa kwanza, wa pili wakauacha ule wa kiwandani, mara nyingi "admin" kwa "admin". Anayeingia huko anaweza kukufungia nje, au kuielekeza ruta ikupeleke kwenye ukurasa wa bandia unaofanana na wa benki yako.

Fanya hivi:

1. Geuza ruta usome kibandiko cha chini. Utaona anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Unganisha simu na waifai hiyo, kisha andika anwani pale unapofungulia tovuti.
2. Anza kubadili nywila ya mipangilio.
3. Kwenye usalama wa waifai chagua WPA2, au WPA3 kama ipo. WEP ni ya zamani, inavunjwa kwa dakika chache.
4. Weka nywila mpya ya waifai yenye herufi 12 au zaidi. Isiwe namba yako ya simu, maana hiyo umeiandika kwenye bango la duka.
5. Zima WPS.
6. Kagua orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Hapo namba 6 ndipo penye mtihani. Muuza pembejeo mmoja hapa katani, bando lake la mwezi lilikuwa likiisha kwa wiki mbili. Tulipofungua orodha tukakuta vifaa 11, vyake vitatu tu. Akaniuliza, "Sasa bwana shamba, jirani zangu nitawaambiaje?"

Si swali dogo. Jirani huyo huyo ndiye anayekuangalizia duka ukienda mjini. Kwa bahati ruta yake ilikuwa na mtandao wa wageni. Tukauwasha na nywila yake pembeni, unaozimwa usiku. Jirani anapata kidogo, simu ya biashara inabaki peke yake. Kama ruta yako haina, ni bora useme ukweli mapema: bando nanunua kwa hela ya mtaji.

Ukikwama, njoo na ruta yako ofisi ya kata. Kibandiko usikibandue.