Nililala Juu ya Gari Nikiwa Kwa Nyanya

Wacha nianze na kitu ambacho hakimo kwenye video: usiku wa kwanza sikulala. Nilikuwa ndani ya lile hema la juu ya gari ambalo kila mtu mtandaoni anasema ni raha tupu, nyota juu, upepo pembeni, na saa tisa usiku nilikuwa nimekaa kitako, fulana imelowa jasho, nasikiliza mbu.

Usiku wa tatu nililala hadi jua likanipiga usoni. Hema ni lile lile na godoro ni lile lile. Nataka tuongee kuhusu kilichobadilika, kwa sababu naona wasee wengi siku hizi wanakodi haya magari, halafu wanarudi mjini na maumivu ya mgongo na picha nzuri.

Mimi nimezaliwa na kukulia Mombasa, lakini mama yangu ni Mpokomo wa Wema, kule Tana River, si mbali na Garsen. Kwa wasiopajua, ukitoka Malindi unashika barabara ya kwenda Lamu, joto linazidi, miti inapungua, halafu ghafla unaona kijani. Huo ni mto Tana, mrefu kuliko yote Kenya, unakaribia kuingia baharini. Ukiacha lami ni vumbi, na mvua ikinyesha ule udongo mweusi unageuka gundi. Sisi tulienda Februari, ukavu wa mwisho mwisho, maembe bado yako mtini.

Rafiki yangu ndiye aliyepata gari. Hema limefungwa juu ya keria, unafungua, ngazi inashuka, chumba kimesimama. Dakika tano tu. Mpango wetu ulikuwa usiku nne na video moja. Kichwa cha video nilikuwa nimeshakiandika kwenye simu kabla hata hatujafika Malindi: "Nimelala Mahali Hakuna Mtu." Mkikumbuke hicho kichwa.

Tukafika jioni. Nikamsalimia nyanya, shikamoo, marahaba, akanishika mikono yote miwili kama kawaida yake, akanipeleka moja kwa moja kwenye chumba. Alikuwa ametandika kitanda. Shuka safi, neti imefungwa juu, maji ya kuoga kwenye ndoo. Nikamwambia, nyanya, asante, lakini sisi tutalala kwa gari.

"Kwa gari? Gari limeharibika?"

"Hapana, nyanya. Juu ya gari. Kuna tenti. Ni kazi tu."

"Kazi ya kulala?"

Rafiki yangu akacheka. Nyanya naye akacheka, lakini mnajua ile cheko ya mtu mzima ambayo haifiki machoni. Akamgeukia jirani yake aliyekuwa amekaa kwenye mkeka, akasema kwa sauti, "Mume wangu amekuja kunitembelea, atalala juu ya gari. Ndoa imeisha." Utani wa nyanya na mjukuu, lakini sindano niliisikia.

Sikusikiliza. Tukaendesha hadi ukingoni mwa mto kwa sababu rafiki yangu alitaka picha ya asubuhi yenye maji nyuma. Hatukumaliza hata kufungua hema. Mjomba alikuja na tochi, anatembea haraka, nyuma yake vijana wawili.

Kwanza akatuambia kwamba pale tulipoegesha ni njia ya viboko. Kiboko mchana anakaa majini, usiku anatoka kula nyasi, na hapendi kukuta kitu kati yake na mto. Na mamba wapo.

La pili ndilo lililonikaa kichwani. Alisema, "Watu wameona taa ya gari wasilolijua kando ya mto usiku. Unajua hiyo inamaanisha nini hapa?"

Sikujua, au niseme nilijua kama habari tu. Mwaka 2012, Agosti, yalianza mapigano huku Tana Delta kati ya wakulima na wafugaji, na hadi mapema 2013 zaidi ya watu mia moja walikuwa wameuawa. Chanzo kilikuwa ardhi, malisho, maji, na siasa ikachochea. Mimi nilikuwa mtoto wa shule Mombasa. Lakini wale vijana wawili walikuwa hapa. Na sisi tumekuja na taa kali mbele ya gari, bila kumwambia mzee wa kijiji wala jirani yeyote, tupate picha ya "mahali hakuna mtu".

Tukahamisha gari, kimya kabisa. Tukaegesha chini ya mwembe, karibu na shamba la mjomba, hatua kama mia kutoka kwa nyanya. Kumbuka ni Februari. Kumbuka maembe. Saa saba usiku embe la kwanza likaanguka juu ya hema, puu! Rafiki yangu akaamka anapiga kelele. Baada ya hapo kila nikifumba macho, puu. Gari nalo lilikuwa limeinama kidogo, kitu ambacho ukiwa umesimama chini hukioni, lakini ukilala unateleza pole pole hadi unajikuta umemlalia mwenzako. Na kwa kuogopa mbu tulifunga zipu zote. Watu wawili, turubai, joto la Tana. Ilikuwa kama kulala ndani ya sufuria yenye kifuniko.

Asubuhi nyanya akaniuliza, "Umelalaje, mume wangu?"

"Vizuri."

"Muongo. Macho yako kama ya bundi."

Akanipa chai, akaja kuliona gari. Akaizunguka ile ngazi, akaishika, akaitikisa. Nilidhani atasema ni kitu kizuri. Akasema, "Mwaka wa El Nino tulilala hivi."

Alimaanisha mwaka 1997. Mvua ilinyesha hadi mto ukakataa kukaa mahali pake. Nyanya alisema walipanda juu ya dungu, lile jukwaa la shambani la kuamia ndege wasile mpunga, yeye na mama yangu aliyekuwa msichana, na kuku watano. Chini maji. Hawakushuka hadi mtumbwi ulipokuja. "Mama yako alikuwa anaogopa kulala, asije akaanguka. Nilimfunga leso kiunoni, ncha nyingine nikajifunga mimi."

Mama hajawahi kunisimulia hiyo. Hata siku moja.

Na haikuishia 1997. Novemba 2023 maji yalikuja tena, barabara ya Lamu ikakatika pale Gamba, watu wakavushwa kwa boti. Kabla hawajakauka vizuri, Aprili 2024 tena. Na kitu ambacho sisi wa mjini hatukielewi ni kwamba mvua si lazima inyeshe Wema. Inanyesha huko juu mlimani, mabwawa ya umeme kama Masinga yanajaa na kumwaga, na siku kadhaa baadaye maji yanafika huku jua likiwa linawaka. Watu wanahamia sehemu za juu na kukaa kwenye tenti za msaada, wiki nenda wiki rudi.

Kwa hiyo nyanya akisikia "tenti", anasikia hiyo. Mtu hulala kwenye tenti akiwa hana nyumba. Na mimi nilikuwa nimekataa kitanda chake chenye shuka safi nikachagua tenti, tena kwa kulipia.

Manze, chai ilinishinda kumeza.

Mchana mjomba akatupeleka shambani kuona dungu. Kaa nami hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipojifunza kulala. Dungu ni nguzo nne, sakafu ya fito, paa dogo la nyasi, na gogo lililochanjwa vidato ndiyo ngazi. Ukiangalia vizuri ni hema la juu ya gari bila gari. Lakini halina kuta. Fito za sakafu zina nafasi, upepo unapita chini yako na pembeni yako. Mtu anawasha moto mdogo chini, moshi unafukuza mbu. Na liko wazi upande ambao upepo unatoka. Mjomba akalitazama hema letu kwa mbali akasema, "Upepo wa sasa ni kaskazi. Nyinyi mmeupa mgongo."

Basi usiku wa pili na wa tatu tukafanya hivi, na wewe ukienda popote ufanye hivi.

Kwanza, sawazisha gari kabla hujafungua hema. Panda juu, weka chupa ya maji kwenye sakafu, uone inabingirikia wapi. Weka mawe bapa au vipande vya mbao chini ya matairi ya upande ulioinama, vuta breki ya mkono. Kama bado kuna mteremko kidogo, kichwa kikae upande wa juu. Ukilala kichwa chini utaamka kama mtu aliyekunywa.

Pili, fungua. Najua unaogopa mbu, na Tana mbu si mchezo, malaria ipo kweli. Lakini kazi ya kuzuia mbu ni ya neti, si ya turubai. Funga neti, fungua madirisha yote, geuza mdomo wa hema uelekee upepo. Ile pumzi yenu mkifunga inageuka maji, inalowesha godoro, na godoro likishalowa hakuna usingizi tena.

Tatu, godoro la haya mahema mara nyingi ni jembamba na chini yake hakuna hewa. Nyanya alitupa mkeka. Tukautandika chini ya godoro, jasho lote la usiku wa kwanza likaisha. Shuka nyepesi ya pamba inatosha, wachana na ule mfuko mzito wa kulalia ulioletwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya.

Nne, usiegeshe chini ya mwembe wakati wa maembe. Sina la kuongeza.

Tano, nenda haja kabla ya kupanda. Saa nane usiku, ngazi, giza, usingizi, ndivyo watu wanavyovunjika miguu. Tochi ikae mahali pamoja, viatu upande navyo, au uvikung'ute asubuhi kwa sababu ya nge.

Na la sita, ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Mwambie mtu. Tafuta mzee wa kijiji, mwenye shamba, yeyote, sema wewe ni nani na unalala wapi. Sisemi hivi kwa adabu tu. Usiku wa tatu nilisikia hatua za mtu karibu na gari. Usiku wa kwanza ningekufa kwa hofu. Safari hii sauti ikasema, "Ni mimi, lala," nikajua ni mmoja wa wale vijana anapita kuangalia, nikageukia upande wa pili. Hakuna godoro linalokupa hiyo.

Usiku wa tatu huo tulikuwa uani kwa nyanya. Alitoa mkeka mwingine akakaa chini karibu na ngazi, mimi juu nimetoa kichwa, tukapiga stori. Nikamuuliza kama ni kweli kwamba wimbo wa taifa ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza watoto. Ni kweli, tuni yenyewe ilitoka huku. Akasema, "Sisi tunalaza nao watoto. Nyinyi mnasimama nao wima."

Usiku wa nne nililala ndani. Kusema ukweli, kulikuwa na joto kuliko kwenye hema. Jogoo aliwika saa kumi kama analipwa. Lakini nyanya alikuja mara moja usiku, akadhani nimelala, akaichomeka neti vizuri chini ya godoro, akaondoka. Hapo ndipo ndoa ilirudi.

Kile kichwa cha video nilikifuta. Nilipokuwa nakata picha niliona kwamba, ili pale paonekane hapana mtu, ingenibidi nimwondoe nyanya, mjomba, wale vijana, jirani kwenye mkeka, watoto kumi na wawili waliokuwa wanashangaa ile ngazi. Yaani nifute watu wote walionifanya nilale. Na tunafanya hivyo sana sisi watu wa kontenti. Tunafika shambani kwa mtu, tunapaita porini.

Sijasema msilale juu ya magari. Ni raha, ikifanywa vizuri ni raha kweli, na nitarudia. Ila ujue unalala kwa nani.

Juzi nyanya amenipigia. Mvua imeanza huko juu, mto umeanza kubadilika rangi, mpunga ameshaupandisha darini. Tukaongea ya nyumbani, halafu akaniuliza lile gari la kulala ni bei gani kukodi kwa siku.

Nikacheka. Yeye hakucheka.