Malkia wa Saba na Mawe ya Zimbabwe

Katika baraza zetu za pwani husikika mara kwa mara ya kwamba maboma makubwa ya Zimbabwe yalijengwa na Malkia wa Saba. Nasi tumeyasikia hayo tangu utotoni, na wenye kuyasema huyasema kwa fahari, kana kwamba ni sifa ya Waarabu na Uislamu. Twaona yafaa tueleze yalikotoka.

Hayakutoka kwa wanavyuoni wetu. Aliyeyavumisha ni Mjerumani Carl Mauch, aliyefika pale mwaka 1871. Alikata kibanzi katika mti wa mlangoni, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaamua kuwa ni mwerezi wa Lebanon. Na aliyeuleta mwerezi ule awe nani ila Malkia wa Saba? Ukuta wenye mzunguko wa mita 250 hivi na kimo cha mita 11 ukahukumiwa kwa penseli!

Cecil Rhodes na kampuni yake walipoitwaa nchi ile waliipenda mno hadithi hii. Ikiwa zamani walitawala wageni, basi mgeni wa leo hanyang'anyi, bali arudia kilicho chake. Richard Hall, aliyewekwa kuwa mlinzi wa magofu mwaka 1902, alichimbua futi kadhaa za udongo akazitupa, akiziita takataka za Waafrika. Ndani ya takataka hizo ndimo ulimokuwamo ushahidi. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema wazi kuwa wajenzi ni Waafrika. Mwaka 1929 Bibi Gertrude Caton-Thompson akachimba tena, akathibitisha. Leo yajulikana kuwa ni wazee wa Washona, baina ya karne ya 11 na ya 15.

Serikali ya Ian Smith, iliyojitwalia uhuru mwaka 1965, haikujibu kwa hoja. Iliingiza mkono wake katika vitabu vya wageni, vya shule na katika nyumba ya makumbusho, ili wajenzi wasitajwe kuwa ni watu weusi. Peter Garlake, mkaguzi wa majengo ya kale, hakukubali kuandika asichokiamini. Akaiacha kazi, akaiacha na nchi, mwaka 1970.

Sasa, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu sana, kwani uwongo ule ulitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mkono uliomvua Mshona kuta zake ndio uliosema kuwa misikiti na majumba ya Gedi na Kilwa ni kazi ya watu wa Uajemi na Arabuni peke yao, na Mswahili alikuwa mpangaji tu katika mji wake. Mwenye kuupokea uwongo wa kwanza kwa kuwa wamfurahisha, atalijibu kwa ulimi gani la pili?

Malkia wa Saba twamsoma katika Surat-un-Naml, wala hatukuona humo habari ya Zimbabwe. Twaona kwamba Nabii Sulaiman, alipoletewa habari na hudihudi, hakuishika papo hapo. Alimpa barua aipeleke, apate kujua kama amesema kweli.

Nchi ilipopata uhuru mwaka 1980 ilitwaa jina la magofu, nalo ni nyumba za mawe kwa lugha yao (lisikilizeni vizuri, si geni masikioni mwetu), na ndege wao wa jiwe akatiwa katika bendera. Watawala wapya nao wana tamaa zao katika mambo ya kale, na wachimbaji wawaangalie hao vilevile.

Na mwenye kutaka kujua tulikuwa na nini na watu wale, jawabu liko. Dhahabu yao ilishuka Sofala, ikapanda kwenda Kilwa; na katika magofu yale imeokotwa sarafu moja ya shaba, yenye jina la Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331. Ilifika huko kwa biashara, mkononi mwa mtu aliyekuwa na kitu cha kuuza.